Tanganyika kati ya vita na TANU, 1945–1954: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa nini tuanzie 1945? Shuleni tuliruka moja kwa moja hadi Saba Saba.

Ndiyo maana nimeandika haya. Daftari la historia linafunga ukurasa wa Hitler, unageuza, unakuta waasisi 17 wa chama cha TANU wako New Street, Dar es Salaam, tarehe 7 Julai 1954. Katikati pana miaka tisa ambayo utadhani nchi nzima ilikuwa imelala. Haikulala. Watu walikuwa wakigombea nguo, mishahara, ng'ombe na mashamba, na wengi wao neno siasa halikuwa midomoni mwao kabisa. Maswali yaliyo hapa ni yale ninayoulizwa mara nyingi, mengine na wanafunzi, mengine na watu wazima waliookota jambo kwa babu au bibi na hawajui pa kulipachika.

Askari wetu walipigana wapi hasa?

Watanganyika walioingia jeshini wakati wa Vita vya Pili walizidi 80,000. Si wote walioshika bunduki: walikuwamo madereva, wapishi, mafundi, wauguzi, wachimba barabara. Jina lililobaki midomoni ni Keya, yaani KAR, King's African Rifles, na mzee akisema "nilikuwa Keya" hakuhitajika maelezo zaidi.

Walianza na Waitalia, Somalia na Uhabeshi, mwaka 1941. Mwaka 1942 wakapelekwa Madagaska. Kisha ikaja Burma, na hapo ndipo hadithi za wazee wengi zinapokomea. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua isiyokatika, tope la kumeza lori, malaria na Wajapani waliojificha msituni, hadi ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba.

Jambo moja husahaulika hata na wanaojua vita hivi vizuri. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300, kati yao mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hao hawakuiona Burma. Kuna familia ambazo zilipata taarifa tu kwamba mtoto wao amekufa, na kaburi hakuna, kwa sababu kaburi ni bahari.

Waliporudi walilipwa nini? Walipewa mashamba?

Walilipwa kiinua mgongo cha fedha na kurudishwa makwao. Mashamba ni ya wengine: serikali iliwapangia walowezi wa Kizungu sehemu ya ardhi iliyokuwa ya Wajerumani kabla ya vita. Mwafrika aliyetoka Burma alirudi kwenye kihamba au shamba la baba yake. Aliyekuwa na akili ya biashara alinunua cherehani au baiskeli, akafungua kigenge. Wengi walioa, fedha ikaisha.

Kwetu ilibaki kabuti. Koti zito la jeshi, rangi ya majivu, la kufika chini ya magoti, ambalo babu alilivaa hata jua likiwaka, na hatukuruhusiwa kulichezea. Nilipomuuliza bibi siku moja, "Bibi, hivi babu alipata nini vitani?" alicheka akanionyesha msumari ukutani lilipokuwa linatundikwa. "Mjukuu wangu, hilo hapo. Na homa."

Basi ni askari hao walioleta uhuru?

Inapendeza kusema hivyo, ila si kweli kwa ujumla wake. Wengi walirudi, wakanyamaza, wakalima. Waliotumia uzoefu wa vita kwenye siasa walikuwa wachache wenye nafasi. Dar es Salaam walikuwapo ndugu wawili, Abdulwahid na Ally Sykes, wote wa Burma, ambao tutakutana nao tena huko chini. Kenya yuko Waruhiu Itote, aliyepigana Burma na baadaye akajulikana msituni, kwenye Mau Mau, kama Jenerali China.

Kitu ambacho karibu wote walirudi nacho ni macho yaliyoona. Walimwona Mzungu akikimbia. Walimwona akiumwa tumbo, akilia, akizikwa. Walikutana na Wahindi waliokuwa wakimwambia Mwingereza waziwazi aondoke, na mwezi Agosti 1947 Mwingereza akaondoka kweli. Mtu akishaona hayo hasahau, hata kama hajiungi na chama chochote.

Babu yangu alikuwa manamba. Hilo ni kabila gani?

Si kabila. Ni wafanyakazi wa mkataba wa mashamba ya mkonge, na jina linatokana na namba: mtu aliandikishwa, akapewa namba na kipande cha kazi, akahesabiwa siku. Walitoka mbali, Songea, Kigoma, Singida, hata Ruanda-Urundi na Msumbiji, wakaletwa Tanga, Morogoro na kando ya reli.

Wakati wa vita mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wajapani walipozichukua Malaya, Ufilipino na Java, Mwingereza alikosa mpira na mkonge wa huko, akageukia Tanganyika. Watu wakakamatwa kwa sheria na kupelekwa mashambani kwa lazima, nao hawakuwa wamevunja sheria yoyote. Vita vilipokwisha amri hiyo iliondolewa, lakini mkonge haukupungua. Vita vya Korea vilipoanza 1950 bei yake ilipaa, wenye mashamba wakajenga majumba, na manamba akaendelea kulala kwenye kambi ileile.

Tanganyika ilikuwa koloni kama Kenya?

Hapana, na tofauti hii ndiyo ufunguo wa mengi yanayofuata. Baada ya Vita vya Kwanza Mwingereza alikabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa. Tarehe 13 Desemba 1946 Umoja wa Mataifa, uliokuwa bado mchanga, ukaidhinisha mkataba mpya: Tanganyika iwe nchi ya udhamini, na Mwingereza awe mdhamini wake.

Kwa mkulima wa Mbulu hilo halikubadili chochote siku hiyo. DC, yaani mkuu wa wilaya, alikuwa yuleyule, kodi ileile. Lakini mdhamini ana mtu wa kumwuliza. Kila mwaka Uingereza ilitakiwa kupeleka taarifa New York. Kila miaka mitatu ujumbe wa Baraza la Udhamini ulikuja kutembea na kusikiliza: 1948, 1951, 1954. Na mwananchi yeyote aliruhusiwa kuandika malalamiko yake moja kwa moja Umoja wa Mataifa. Watu wa Kenya, iliyokuwa koloni, hawakuwa na mlango huo.

Waingereza waliudharau mlango huo kwa muda, kama mtu anayeacha dirisha la nyuma wazi kwa kuwa ni dogo.

Mwafrika alisemewa na nani serikalini?

Na machifu, kwanza. Desemba 1945 Waafrika wawili waliingia Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza: Mangi Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia wa Usiha, Shinyanga. Mwaka 1947 akaongezwa Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe. Wa nne, mwaka 1948, ndiye wa kwanza asiye chifu: Juma Mwindadi, mwalimu wa Dar es Salaam. Wote waliteuliwa na Gavana, kura haikuwapo.

Hesabu yake ni hii. Sensa ya 1948 ilikuta nchi ina watu zaidi ya milioni saba, nao walisemewa na wanne. Wazungu na Waasia kwa pamoja walikuwa sehemu ndogo mno ya watu hao, lakini kwenye viti vya baraza Mzungu alikuwa mbele ya wote. Mwaka 1955 serikali ilipoleta usawa wa viti kumi kwa Wazungu, kumi kwa Waasia na kumi kwa Waafrika, iliona imefanya hisani kubwa.

Dar es Salaam ya wakati huo ilifananaje?

Mji mdogo uliogawanywa kwa rangi bila aibu. Uzunguni bustani na upepo wa bahari. Uhindini maduka na ghorofa za chokaa. Uswahilini, yaani Kariakoo na Ilala, nyumba za udongo na makuti zenye vyumba sita na familia sita. Kati ya Uhindini na Uswahilini ulikuwapo uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja, ambao watawala waliuacha makusudi kutenga watu na ambao baadaye uligeuka mahali pa kuwakusanya. Sensa ya 1948 ilihesabu watu 69,227. Ya 1957 ikakuta 128,742. Karibu mara mbili kwa miaka tisa, na wengi wao waliongezeka upande mmoja wa uwanja.

Tabu kubwa ya miaka ya kwanza ilikuwa nguo. Kabla ya vita, nguo ya bei nafuu ilitoka Japani. Japani ilipoingia vitani, mlango ukafungwa, na vita vilipokwisha viwanda vyake vilikuwa magofu. Kaniki, merikani na khanga zikawa za kupangia foleni, au za kununua mlango wa nyuma kwa bei ya kukutoa machozi. Mchele na sukari navyo vilikuwa vya mgawo. Mkulima wa kahawa au pamba alikuwa na fedha mfukoni na shati moja mwilini. Ukitaka kuelewa kwa nini watu waliokuwa na kipato walikuwa na hasira, anza na duka lisilo na kitu.

Burudani je?

Mpira ulikuwapo, Yanga ilishazaliwa 1935 na Sunderland, Simba ya leo, 1936. Beni, ile ngoma ya kuigiza gwaride la Wazungu iliyotamba tangu enzi za Mjerumani, ilikuwa inazeeka, na vijana wa mjini walikuwa wamehamia kwenye dansi: suti, viatu vya kung'aa, santuri za rumba za Kuba. Wazee waliona upuuzi. Siti binti Saad, aliyeufanya mji mzima wa Unguja usikilize taarabu kwa Kiswahili, alifariki Julai 1950.

Mgomo wa 1947 ulianzaje?

Bandarini. Makuli wa Dar es Salaam walikuwa wameshagoma 1939, kwa hiyo njia waliijua. Tarehe 6 Septemba 1947 waliweka mizigo chini. Walikuwa vibarua wa siku: meli ikiwapo unakula, isipokuwapo unakaa kivulini unangoja. Bei zilikuwa zimepanda tangu vita vianze na mshahara haukuzifuata.

Angalia jinsi habari ilivyosafiri, maana ndiyo inayonifurahisha mimi katika kisa chote hiki. Bandari imeshikana na reli. Wafanyakazi wa reli wakagoma nao, na mgomo ukapanda treni pamoja na abiria, ukafuata reli ya kati kuelekea bara. Hapakuwa na chama cha wafanyakazi cha nchi nzima wala simu ya kupigiana. Palikuwa na mafundi, makarani na vibarua waliokuwa wakipokezana maneno kila kituo. Serikali ikalazimika kuunda baraza la usuluhishi, na makuli wakapata nyongeza ya maana. Muda mfupi baadaye wakawa na chama chao rasmi. Katibu wake mwaka 1948 alikuwa Abdulwahid Sykes, yule wa Burma. Chama hakikudumu. Mgomo wa Februari 1950 uliingia vurugu, na serikali ikakivunja.

Ni Dar peke yake?

Hata kidogo. Mombasa ilitangulia. Tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao 15,000 waligoma: bandari, reli, mahoteli, hata watumishi wa nyumbani waliwaachia mabibi zao vyombo vichafu. Walikusanyika kila siku kwenye uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Kiongozi aliyeinuka hapo, Chege Kibachia, alikamatwa mwezi Agosti akapelekwa uhamishoni Kabarnet. Unguja ikafuata Agosti na Septemba 1948, nayo ikianzia kwa wapagazi wa bandari. Bandari tatu kwa miezi ishirini, na mabaharia wa majahazi na meli wakipita kotekote. Hakuna aliyehitaji kuandikiwa barua.

Mpango wa karanga ulikuwa nini, na kwa nini wazee wa Dodoma wakiutaja wanacheka?

Uingereza baada ya vita ilikuwa na njaa ya mafuta. Siagi na mafuta ya kupikia vilikuwa vya mgawo huko London kama sukari ilivyokuwa Dar. Mwaka 1946 mkubwa mmoja wa kampuni ya United Africa akapendekeza kulima karanga Afrika kwa mashine, na serikali ya chama cha Labour ikalikumbatia wazo hilo kwa mikono miwili. Mpango: ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa Tanganyika, kwa pauni milioni 25. Mahali: Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Kongwa ni Ugogo. Mgogo angeulizwa, angesema kwamba mvua ya pale ni ya kubahatisha, na kwamba udongo ule ukikauka unakuwa saruji. Hakuulizwa. Wataalamu walipita wakaona pori la kijani, wakaandika ripoti.

Matrekta yaliyopatikana yalikuwa mengi ni masalia ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino, yenye kutu. Mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman: wakaondoa mzinga, wakaita Shervick. Hebu pata picha: kifaru kilichokusudiwa kwa Wajerumani kinapambana na mbuyu. Mbuyu ulishinda mara nyingi. Wakafunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya makatapila mawili ili kuburuta pori lote kwa mkupuo. Nyuki waliokuwa ndani ya mibuyu wakatoka na kuwafukuza madereva. Mizizi ilivunja majembe. Mvua ikanyesha kwa mafuriko, kisha ikakata, na karanga zilizokomaa zikakwama ndani ya ardhi iliyogeuka tofali.

Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuachana nao. Hasara: pauni kama milioni 36. Na karanga? Wanawake wa Kigogo waliokuwa wakilima vipande vyao kwa jembe la mkono waliendelea kula za kwao.

Usicheke ukaishia hapo, lakini. Mpango huo ulivuta maelfu ya vibarua kutoka kila pembe, ukawafundisha udereva, ufundi makanika na uchomeleaji, ukawaweka kambi moja watu ambao wasingekutana kamwe. Nao wakaona kwa macho yao Wazungu wenye digrii wakishindwa na kichaka. Niliposema juu ya macho yaliyoona, hayakuwa ya askari peke yao.

Ni kweli Arusha kulikuwa na kijiji cha Wapolandi?

Kweli. Tengeru. Warusi walikuwa wamewahamisha Wapolandi kwa nguvu hadi Siberia na kwingineko; walipoachiliwa 1941 walipitia Iran, na tangu 1942 maelfu yao, wengi wanawake na watoto, wakaletwa Afrika Mashariki. Tengeru peke yake palikuwa na watu wapatao 5,000, wenye shule, kanisa na mashamba yao, hadi mwanzo wa miaka ya 1950. Kambi nyingine zilikuwa Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro. Kwa Wameru waliowauzia ndizi na maziwa, hawa walikuwa Wazungu wa namna nyingine: maskini, wenye kulia, wasio na mtumishi. Makaburi yao yapatayo 150 yapo hadi leo na yanatunzwa.

Na almasi ya Malkia?

Ilitoka Mwadui, Shinyanga, mgodi wa Mkanada John Williamson. Ya waridi, karati 54.5, iliokotwa Oktoba 1947, ikapewa Binti Mfalme Elizabeth kwa harusi yake mwezi uliofuata. Mwezi wa Septemba makuli waligoma, wa Oktoba tukatoa zawadi ya harusi. Nchi ni ileile.

Kesi ya ardhi ya Meru ilihusu nini?

Hii ingefaa kuwa na ukurasa wake. Baada ya vita tume ya Jaji Mark Wilson ilitazama ardhi ya Arusha na Moshi, ambako mashamba ya Wazungu na ya Waafrika yalikuwa yamechanganyika kama viraka vya shuka. Ikapendekeza kupanga upya, Wazungu wapate eneo lisilokatwa katikati. Maana yake ni kwamba Wameru wa Engare Nanyuki wahame, na ardhi yao ya malisho igeuzwe mashamba 13 ya walowezi. Waliahidiwa sehemu nyingine, ya chini, yenye joto na maradhi ya mifugo. Wakakataa. Hawakurusha jiwe, walisema tu hatuondoki.

Novemba 1951 polisi na malori walifika. Watu wapatao 3,000 walitolewa, nyumba zikachomwa moto, ng'ombe wakaswagwa, wengi wakafia njiani. Baada ya hapo Wameru walikataa ardhi ya fidia na fidia yenyewe, wakachangishana, senti kwa senti, kumpeleka mtu wao New York.

Mtu huyo alikuwa Kirilo Japhet. Mwaka 1952, akiwa na wakili Earle Seaton, mtu mweusi kutoka Bermuda aliyekuwa na ofisi Moshi, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini. Ndilo lile dirisha la nyuma. Mtanganyika wa kwanza kusema Umoja wa Mataifa akawa mtu wa kijiji aliyeeleza jinsi nyumba za ndugu zake zilivyoungua, huku wawakilishi wa Uingereza wakimsikiliza wakiwa wamekaa mita chache kutoka kwake.

Walirudishiwa ardhi?

Umoja wa Mataifa haukuwaamuru Waingereza kuirudisha. Azimio la kuwatetea Wameru lilifika Baraza Kuu na kukosa theluthi mbili ya kura. Kwa hesabu za mahakama, walishindwa.

Kirilo aliporudi 1953 alizunguka nchi akieleza alichokiona. Hapo ndipo jambo la mlima mmoja lilipokuwa la nchi. Msukuma aliyelazimishwa kupunguza ng'ombe, Mluguru aliyelazimishwa kuchimba matuta, Mzaramo aliyebanwa na kodi ya mji, kila mmoja alijisikia ametajwa. Na waliokuwa na kalamu wakajua anwani ya New York.

Kwani matuta na kupunguza mifugo vilikuwa na ubaya gani? Si uhifadhi wa udongo?

Ni uhifadhi, na baadhi ya wataalamu walikuwa na nia njema. Ubaya ni jinsi ulivyoletwa. Baada ya 1947 maeneo kadhaa yalipata kila moja mpango wake: Usukuma, Usambara, Uluguru. Kila mpango ulikuwa na kanuni, na kila kanuni ilikuwa na faini. Ukose kutengeneza matuta, faini. Ukose kuuza idadi fulani ya ng'ombe, faini. Kwa Mluguru, kuchimba ngazi za udongo mlimani ilikuwa wiki za kazi isiyolipwa, na mara nyingi udongo mwekundu wa chini ukafukuliwa juu, mazao yakakonda. Faini ikachukua fedha, tuta likachukua mahindi.

Aliyepeleka amri alikuwa chifu au jumbe, akilipwa mshahara na serikali. Mamlaka ya wengi wao yaliliwa katika miaka hii. Watu waliacha kumsikiliza kama baba, wakaanza kumwona kama karani.

Vita vya Ng'ombe ni kichekesho au vilitokea?

Vilitokea Unguja, Kiembe Samaki, na watu walikufa. Serikali iliamuru ng'ombe wachanjwe kimeta. Wakulima wa Kiembe Samaki walikuwa wamenyang'anywa ardhi kwa ajili ya uwanja wa ndege, na hawakuwa na sababu ya kuamini sindano ya mtu yuleyule aliyechukua shamba. Wakagoma. Wakashitakiwa, wakahukumiwa, na tarehe 30 Julai 1951 umati ukajaribu kuwaokoa waliofungwa. Polisi wakafyatua risasi.

Kutoka kwenye kisa hicho kilizaliwa chama cha wakulima kilichojiita cha raia wa Sultani, ambacho mwaka 1955 kikawa mzizi wa Hizbu, yaani chama cha siasa cha ZNP. Wasomi wa mjini walikikuta kimeshasimama.

Wanawake walikuwa wapi katika haya?

Mashambani, kwanza: aliyechimba tuta mara nyingi alikuwa mwanamke, mume yuko mkonge. Mjini walikuwa kwenye foleni ya nguo, kwenye biashara ya vitumbua, kwenye vyumba walivyomiliki na kupangisha. Na walikuwa kwenye vikundi vya lelemama, ngoma ya wanawake, vyenye uongozi, ada, sare na ushindani mkali. Majina ya vikundi hivyo huyakuti kwenye majalada ya serikali, kwa sababu DC aliona ni ngoma tu.

TANU ilipotafuta wanawake wa kuhamasisha, ilimpata Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma, naye akapita kwenye vikundi hivyohivyo. Mtandao wa ujumbe ulikuwa umeshajengwa. Ilibaki kubadili maneno ya wimbo.

Watu walisoma nini, walisikiliza nini?

Serikali ilikuwa na *Mambo Leo*, la kila mwezi, tangu 1923, lenye barua za wasomaji na mashairi ya kujibizana ambayo ukiyasoma leo utaona siasa imevaa kanzu. Upande wa watu kulikuwa na *Kwetu* la Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda mwenye ulimi mkali, na *Zuhra* la Mashado Plantan. Nakala moja ilisomwa kwa sauti barazani ikasikilizwa na watu ishirini. Redio ya Dar es Salaam ilianza 1951, na mwanzoni ilisikika mjini tu.

TAA kilikuwa chama cha siasa au klabu ya makarani?

Vyote viwili, kwa zamu. Kilianzishwa 1929 kwa jina African Association, kikiwa na walimu na makarani. Mwaka 1948 kikaitwa Tanganyika African Association. Kuna miaka kilikuwa chai na hotuba. Mwaka 1950 vijana waliingia: Dk. Vedasto Kyaruzi rais, Abdulwahid Sykes katibu. Kyaruzi alikuwa daktari wa serikali, na serikali ikatumia dawa yake ya siku zote, uhamisho.

Aprili 1953 Julius Nyerere alichaguliwa rais. Alikuwa ametoka masomoni Edinburgh 1952 na anafundisha Pugu. Agosti mwaka huohuo watumishi wa serikali wakakatazwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Fikiria maana yake: Waafrika wengi waliosoma walikuwa wameajiriwa na serikali. Amri ilikusudiwa kukikausha chama, ikakilazimisha kutafuta wanachama kwa makuli, wachuuzi, wakulima na akina mama wa lelemama.

Mau Mau iliathiri vipi Tanganyika?

Hali ya hatari ilitangazwa Kenya Oktoba 1952 kukabili uasi huo, uliokuwa na Wakikuyu wengi. Wakikuyu waliokuwa mikoa ya kaskazini mwa Tanganyika walikamatwa na wengi wakarudishwa. Na kila mkutano wa Waafrika ukaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni.

Kuna kitu cha kwenda kuona kwa macho?

Kipo. Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, uliokuwa New Street, unafika kwa daladala. Tengeru ni mwendo mfupi kutoka Arusha. Mwombe mlinzi akufungulie makaburini. Kongwa bado kuna mibuyu.

Ila ukipata nafasi nenda Mtwara. Bandari ile ya kina kirefu ilijengwa kwa ajili ya karanga za Nachingwea, na reli ikatandikwa hadi huko. Bandari inakamilika 1954, mpango wa karanga ulishakufa miaka mitatu. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ukienda kuanzia Oktoba utakuta gati limejaa magunia, malori yamepanga foleni hadi barabarani, na wapagazi wakibishana juu ya malipo ya zamu. Ni korosho.